Majivu kwenye Ukuta wa Chaza

Kidole gumba cha mkono wa kushoto cha Latifa Chilumba ni bapa kama mwiko. Nyundo imekipiga mara nyingi hata kikakata tamaa ya kuwa na umbo. Watu wa Lihumbe wakitaka kumtania humwambia kidole hicho kingefaa kupakulia ugali, naye huwajibu kwamba kimeshalisha watu wengi kuliko mwiko wowote kijijini. Hapo hasemi uongo. Kwa miaka ishirini na miwili kidole hicho kimeshika mawe ili mkono wa kulia uyavunje, na kokoto zake zimo kwenye sakafu za Chuno na Rahaleo, mitaa ya mjini, chini ya miguu ya watumishi wasiojua kama duniani kuna mtu anaitwa Latifa.

Lihumbe ni kijiji kidogo cha mikorosho na mihogo, mbele ya Mtawanya, upande wa kuelekea mdomo wa Ruvuma. Kutoka hapo hadi maji ya chumvi ni mwendo wa saa moja na nusu kwa mtu asiye na mzigo. Mwendo huo ushikeni vizuri, tutauhitaji. Nyuma ya kijiji kuna kilima cha mawe meupe, na juu ya kilima hicho ndiko wanawake wanakogonga kokoto.

Latifa alipanda kilimani mwaka aliofiwa na mumewe, Jafari. Mikorosho ya marehemu ilirudi kwa wapwa zake, kama desturi ya Wamakonde wa huko ilivyokuwa tangu zamani, na Latifa akabaki na nyumba, watoto wawili na nyundo ya marehemu. Hakulia mbele ya wapwa hao. Aliwahesabia miti yote mpaka mche wa mwisho, akawaaga, kesho yake akaenda kuketi kwenye mawe. Kazi yenyewe haina siri: unakaa chini umenyoosha miguu, unalizungushia jiwe pete ya mpira wa tairi ili lisiruke, halafu unapiga. Usipolizungushia, jiwe litaruka likutoe jicho.

Sheria ya kilima ni moja, na ni majivu. Mwanamke akichagua uso wa mwamba, huupitishia mstari wa majivu ya jikoni kwake, na kuanzia hapo uso huo ni wake, avunje leo au avunje mwakani. Akimaliza lundo la kokoto, hulipitishia mstari vilevile. Mtu akichota kwa wizi, mstari unakatika na kila apitaye anaona. Hakuna anayeyaogopa majivu hayo. Yanaheshimiwa tu, kama mlango uliorudishwa. Kuna mwanamume mmoja aliwahi kupitisha koleo juu ya majivu ya wenyewe. Alitozwa mbuzi mbele ya kijiji, na mpaka leo akipita njiani watu humlilia kama mbuzi.

Sasa, upande wa mashariki wa kilima kuna ukuta wa mwamba uliosimama wima, urefu wake hatua arobaini, kimo chake kama watu wawili. Jiwe lake ni laini. Unapiga mara moja pale ambapo kwingine ungepiga mara tatu. Latifa aliuvunja ukuta huo miaka miwili ya mwanzo kwa furaha kabisa, na ndani yake alikuta konokono wa jiwe, makombe ya jiwe, na yule mnyama wa mviringo mwenye miiba anayechoma miguu ya watu ufukweni, ila huyu hakuwa na miiba tena, amebaki na nyota ya vitone mgongoni. Alivivunja vyote. Kokoto ni kokoto.

Wenzake nao waliviona, na kila mmoja alikuwa na jibu lake. Kuna waliosema ni mabaki ya chakula cha mababu, walikuwa wakila wakitupa hapo. Wengine walisema ni Gharika ya Nabii Nuhu, maji yalipanda yakashusha viumbe vya bahari milimani. Latifa hakubishana na mtu mpaka siku alipopasua jiwe moja akakuta ndani yake chaza mzima, pande zote mbili zimefungana.

Hapo alisimamisha nyundo. Lazima ujue kwamba mama yake Latifa alikuwa mwokota chaza. Maji yakitoka, alikuwa akishuka kwenye matope ya mikoko karibu na mdomo wa Ruvuma, na Latifa mdogo akimfuata na kikapu. Jambo moja alilijua tangu hajang'oka meno ya utotoni: chaza aliyeliwa hafungi mdomo. Umfungue kwa kisu au kwa moto, magamba yake yanatengana, na ukiyatupa jalalani hayarudiani ng'o. Basi huyu hakuliwa na babu yeyote. Huyu alifunikwa na tope akiwa hai, mahali pake, kwenye bahari yake. Na bahari iko mwendo wa saa moja na nusu.

Akaanza kutazama kama mtu aliyepotelewa na sindano. Akaona kwamba ukuta una matabaka, na kila tabaka lina watu wake. Chini kabisa kuna konokono warefu ambao hakuwahi kuwaona ufukweni hata siku moja. Katikati wamejaa chaza. Juu wamo wanaofanana na wa leo. Akajiambia, gharika moja ingewachanganya wote kama mchuzi, na hawa hawakuchanganyika. Hawa walikuja kwa zamu. Mwanamke huyu aliishia darasa la nne, na hayo aliyafikiri mwenyewe, ameketi chini kwenye mawe. Sikilizeni ninyi mnaodhani akili hutolewa pamoja na cheti.

Tangu siku hiyo hakuugonga tena ukuta. Alihamia upande wa magharibi, kwenye jiwe gumu, na kidole chake kilianza kupata ubapa wake huko. Wanawake wenzake walicheka sana. Salma, jirani yake ambaye ulimi wake hauna likizo, alimwambia kwamba anawaonea huruma konokono waliokufa kabla ya kuzaliwa nyanya wa nyanyake. Kwa kuwa wote waliushika ukuta kuwa uso wa Latifa, hakuna mwingine aliyeugusa.

Miaka ikapita. Mwaka juzi Mwalimu Upendo, anayefundisha jiografia sekondari, mwenyeji wa Njombe aliyepanga Rahaleo, alikuja na wanafunzi wake kutazama mawe. Latifa aliwaacha wazunguke weee, halafu akamwita mwalimu pembeni akamwonyesha ukuta na kumweleza habari ya chaza aliyefunga mdomo. Mwalimu akavua miwani akaifuta. Alikiri kwamba yeye alifundishwa jambo hilo kwa miaka mitatu chuoni na hakuwahi kulisikia limeelezwa hivyo.

Mwalimu Upendo alipiga picha akazituma kwa watu wa chuo kikuu aliosoma nao. Jibu lilipokuja, mwishoni mwa mwaka jana, alilipeleka Lihumbe kwa pikipiki na kulisoma kwa sauti: mwamba huo ni kumbukumbu ya wanyama wa bahari walioishi kabla mtu wa kwanza hajakanyaga ardhi, na tabaka la chini huenda lina viumbe ambavyo bado havijaandikwa popote. Wataalamu wangekuja mwezi wa nane, mvua zikishakatika. Waliomba jambo moja tu, ukuta usivunjwe. Latifa alisema hilo ombi limechelewa miaka ishirini, yeye alishalikubali.

Mwezi wa tatu mwaka huu ikaja kampuni ya barabara.

Barabara ilikuwa haki ya watu, na Latifa mwenyewe aliitaka. Mjamzito akizidiwa Lihumbe wakati wa mvua hubebwa kwa kitanda. Kampuni ilihitaji mawe ya kujazia, na kilima kilikuwa kinawatazama. Mkutano ulifanyika kwenye ghala la korosho la chama cha msingi, kwa kuwa msimu ulikuwa umekwisha na ghala liko tupu. Msimamizi wa kampuni alikuwa kijana aitwaye Anold, mpole, kizibao cha kung'aa, maneno yamepigwa pasi. Alieleza kwamba katapila itaanzia upande wa mashariki kwa sababu jiwe lake ni laini. Latifa akasimama akaeleza habari ya ukuta na wageni wa mwezi wa nane. Anold akamsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akatabasamu.

"Mama yangu, sisi tunajenga barabara. Hatufugi konokono."

Ghala zima likacheka. Salma pia alicheka, na hilo ndilo lililomuuma Latifa kuliko mengine yote. Alikaa chini uso unawaka.

Salma huyohuyo, hata hivyo, hakuwa mjinga kwenye jambo linalomhusu. Kabla mapatano ya kijiji na kampuni hayajatiwa sahihi alidai kiongezwe kifungu kwamba mawe yote kilimani yaliyotiwa alama ya majivu ni mali ya mwenye majivu, na kampuni haitayagusa bila hiari yake. Anold aliangalia vilundo vya kokoto kupitia mlangoni, akaona ni vidogo, akaandika bila kuuliza swali. Mdharau mwiba mguu huota tende. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Rashidi, kaka wa marehemu Jafari, akagonga muhuri.

Majivu ya Latifa kwenye ukuta yalikuwa yameshaoshwa na mvua miaka mingi iliyopita. Hakuona haja ya kuyarudia mahali ambapo hapana mshindani. Sasa aliona haja. Alikusanya majivu ya jiko lake siku sita, akajaza debe, siku ya saba mchana kweupe akapanda nalo kichwani. Akapitisha mstari mmoja chini ya ukuta, hatua zote arobaini, mnene, usiokatika. Salma alikuwa karibu anagonga, akamuuliza anafanya nini.

"Natia alama uso wangu," alisema Latifa. "Kwani jambo hilo ni geni kwako?"

Salma akasema kampuni haitajali. Latifa akasema hajaiuliza.

Katapila ilifika Jumanne, ikiendeshwa na fundi mmoja anaitwa Frank, mtu wa mbali, mwili mkubwa, moyo wake wa kawaida. Alipanda nayo hadi kwenye ukuta, akauona mstari mweupe umenyooka kutoka mwanzo hadi mwisho, akazima injini. Akashuka, akautazama bila kuusogelea. Kwao, alisema, mtu akikuchorea mstari wa majivu njiani na wewe ukauvuka, hufiki nyumbani. Anold alimbembeleza, kisha akamfokea, na Frank akampa ufunguo ashike usukani mwenyewe. Anold hakuupokea. Fundi wa pili alipoletwa Alhamisi, habari ilikuwa imemfikia kabla hajashuka kwenye gari, naye akadai tumbo linamsokota.

Hadi Ijumaa, Latifa Chilumba alikuwa mchawi. Wageni ndio walioanza kulisema, na wenyeji, ambao wameona majivu ya wagonga kokoto maisha yao yote, nao wakaanza kulisikia. Ndivyo binadamu tulivyo. Ukiambiwa mara tatu kwamba mbuzi wako ni mbwa, utamfunga mnyororo. Kisimani wanawake walimwachia nafasi pana kuliko alivyohitaji. Mtoto aliyekuwa akimwamkia kila asubuhi alivutwa mkono na mama yake. Anold alipiga picha mstari ule, akaandika taarifa, akaomba mkutano wa pili.

Mzee Rashidi alimfuata shemeji yake nyumbani kabla ya mkutano. Alikaa kwenye kigoda akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye anajua vizuri majivu yale ni nini, lakini anamshauri anyamaze tu. Asikubali, asikatae. Mafundi hawatavuka, mwezi wa nane utafika, wageni wake watakuja.

"Hofu yao ndiyo inayokulindia ukuta, shemeji. Ukiwaondolea, nani atakulinda?"

Maneno yale yalikuwa na ukweli. Akinyamaza, ukuta ungepona. Akisema, mashine ingewashwa dakika hiyohiyo, asipopata mtu wa kusimama naye. Na waliobaki wa kusimama naye ni wale wanawake waliomcheka. Lakini alimkumbuka mama yake mdogo. Huyo aliwahi kunyamaza hivyohivyo, watu walipomsingizia kwamba amemroga mtoto wa jirani. Alidhani watasahau. Walimbomolea nyumba, akafia kwenye kibanda cha watu ng'ambo ya mto, na hakuna aliyewahi kuja kuomba radhi. Latifa alikuwa na miaka kumi na moja, na hasira yake juu ya jambo lile haijawahi kupoa hata leo.

"Shemeji," alisema, "mimi sitakuwa mchawi wa mtu. Hata kwa ukuta ule."

Jumatatu ghala lilijaa kuliko siku ya kwanza. Watu hawakosi uhondo. Mwalimu Upendo alikuja, akakaa mbele. Frank alisimama karibu na mlango, mahali pa kukimbilia. Anold alisoma taarifa yake: kwamba tarehe fulani, Latifa Chilumba aliweka mstari wa majivu hatua arobaini kwenye ukuta wa mashariki, kwamba kitendo hicho cha kishirikina kimesimamisha kazi, na kwamba anatakiwa aondoe vitu vyake kwa amani, la sivyo kampuni italeta mtaalamu wa kuviondoa.

Latifa alisimama. Alikuwa amekuja na kibuyu, na ndani yake alikuwa amechota majivu ya mstari uleule. Aliyaweka kiganjani, akayaramba mbele ya watu wote. Kisha akapita mpaka mlangoni akamwonyesha Frank kiganja.

"Baba, haya ni majivu ya mkorosho. Nimepikia mihogo. Mimi si mchawi, na wewe ukivuka utafika kwenu salama. Usiogope tena."

Frank alitazama kiganja, akamtazama usoni, akashusha pumzi. Anold naye alitabasamu kama siku ile ya konokono, akasema basi jambo limekwisha, kazi inaendelea, na akamshukuru mama kwa ushirikiano.

"Halijaisha," alisema Latifa. "Nimesema si uchawi. Sijasema si yangu. Mwenyekiti, tusomee kile kifungu cha Salma."

Mzee Rashidi alitafuta karatasi, akasoma taratibu. Mawe yote kilimani yaliyotiwa alama ya majivu ni mali ya mwenye majivu. Latifa alimgeukia Anold akamwomba arudie taarifa yake mwenyewe, pale palipoandikwa majivu ni ya nani, yamewekwa wapi na tarehe gani. Kijana alisoma sentensi nusu akaishia hapo. Alikuwa amemwandikia ushahidi mwanamke yule, pamoja na picha.

Akajitetea, na tusimnyime haki yake, alijitetea vizuri. Alisema kifungu kile kilihusu kokoto, mali ya watu wanaofanya kazi. Ukuta mzima hauwezi kuwa mali ya mtu kwa debe moja la majivu. Tena mama huyu hauvunji, na mwenyewe kasema hatauvunja. Watu wakaanza kuguna, na baadhi waliguna kumuunga mkono, maana barabara waliitaka. Latifa aliona wazi kwamba hapo hana la kuongeza. Desturi haishuhudiwi na mwenye kudai. Aliwageukia wagonga kokoto, waliokuwa wamekaa pamoja juu ya magunia matupu, akangoja.

Salma alijikuna. Alitazama dari. Halafu akasimama.

"Mimi nimemcheka huyu miaka ishirini, na kesho nitamcheka tena," alisema. "Lakini uso ni wake. Ukishatiwa majivu ni wako, uvunje au usivunje. Nani kati yetu aliwahi kuulizwa atavunja lini?"

Mwingine akasema kweli. Wa tatu akakumbusha habari ya mbuzi, na mwanamume wa mbuzi, ambaye alikuwepo, akainamisha kichwa. Ushahidi bora kuliko huo haukuhitajika. Mzee Rashidi alifuta jasho akamuuliza shemeji yake, kwa mujibu wa mapatano yaliyotiwa sahihi na pande zote, kama anatoa hiari yake ukuta uguswe.

"Sitoi," alisema Latifa. "Nimewavunjia mji mzima mawe. Hili siwavunjii."

Mashine ilihamia upande wa kaskazini, kwenye jiwe gumu. Kazi ilichelewa wiki mbili na wapo waliomnunia Latifa kwa wiki mbili hizo, naye akawanunia vilevile. Anold aliondoka bila kumuaga. Frank alikuja kumuaga, akaomba aonyeshwe chaza.

Mvua za mwezi wa nne zilikuwa kali, na majivu hayahimili mvua. Kila yalipooshwa, Latifa alipanda na debe akapitisha mstari upya, kwa sababu alijua kampuni bado ipo na macho yake yapo. Mwisho wa mwezi homa ikamwangusha. Alilala siku tisa, mvua inapiga bati usiku na mchana, na kila alipopata fahamu aliuona akilini ukuta mtupu, hauna alama, hauna mwenyewe. Siku ya kumi alipanda akijikongoja kwa fimbo, debe kichwani.

Mstari ulikuwepo, hatua zote arobaini. Lakini haukuwa wa rangi moja. Sehemu ulikuwa mweupe, majivu ya mkorosho kama yake. Sehemu ulikuwa wa kijivu, na sehemu mweusimweusi wenye vipande vya vifuu vya nazi, ambavyo Lihumbe nzima hakuna anayepikia isipokuwa Salma. Latifa aliufuata taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho, akilia waziwazi, akiyatambua majiko, moja baada ya jingine. Karibu na mwisho alikuta mahali mtu alipofanya uchoyo, mstari umekuwa mwembamba. Akatua debe, akapajaza, kisha akaenda upande wa magharibi kutafuta nyundo yake.